Daftari la Mkulima

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Yamkini aliyeitunga methali hii alikuwa mtu wa duka, aliyekopesha nguo na nafaka, akajifunza kwa hasara kwamba deni lisiloandikwa ni zawadi. Hakuwa mkulima. Mkulima wa zamani hakuwa na haja ya daftari, maana shamba lake lilikuwa kichwani mwake. Alikumbuka mwaka mvua ilipochelewa, akajua ni mbegu gani iliyostahimili, na ni sehemu gani ya shamba iliyochoka. Alikula alicholima, na jirani yake alikula alichokiona kikilimwa. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza, "Thibitisha."

Siku hizi mambo yamegeuka. Yuko mkulima mwenye robo ekari ambaye hana budi kuandika tarehe aliyopanda, jina la mbegu, jina la dawa aliyonyunyiza, kipimo chake, mdudu aliyemlenga, mtu aliyebeba bomba la dawa, na siku alizongoja kabla ya kuchuma. Asipoandika, mboga zake hazipandi ndege.

Msomaji wangu, katika insha hii nataka tufuate historia ya daftari hilo: limetoka wapi, nani aliyelitaka, limemfaa nani na limemwumiza nani. Mwisho wa safari utaamua mwenyewe kama daftari hilo ni mzigo wa wageni tuliobebeshwa, au ni mali yetu tuliyochelewa kuichukua.

Tuanze na mmea wenyewe. Wakulima wa Kirinyaga, Machakos na Meru huuita mishiri. Ni maharagwe yanayochumwa yakiwa machanga, maganda yake ni membamba kuliko kalamu ya risasi, na hupikwa pamoja na ganda lake. Huanza kuchumwa majuma sita hadi manane baada ya kupandwa, na tangu siku hiyo huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Ukichelewa, ganda hunenepa na kuwa gumu, na mnunuzi hulitupa. Mkulima mwenyewe aghalabu hali mishiri; hula maharagwe makavu kama jirani zake. Kwa hiyo mishiri ikikataliwa na mnunuzi, hugeuka kuwa chakula cha ng'ombe. Shika jambo hili moyoni, kwa sababu ndiyo siri ya habari yote: huu ni mmea unaolimwa hapa kwa ajili ya meza iliyo mbali sana, na mwenye meza ndiye mwenye neno.

Jambo la kulimia meza ya mbali si geni katika nchi yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vilivyodumu kutoka mwaka 1939 hadi 1945, majeshi yalihitaji mboga zisizooza njiani. Kiwanda cha kukausha mboga kikajengwa Karatina, na wakulima wadogo wa sehemu zile wakalima mboga kwa bidii na kukiuzia. Lakini vita vilipokwisha, mnunuzi alikwisha pia. Kiwanda kikafungwa, ingawa wakulima walitamani kukiendeleza kwa nguvu zao wenyewe. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza: mkulima mwenye mnunuzi mmoja aliye mbali amejenga nyumba katika kiwanja cha mtu.

Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na katika miaka ile mboga mbichi zilianza kupelekwa London kwa ndege wakati wa baridi, ardhi ya Ulaya inapolala chini ya theluji. Mzigo ulikuwa mdogo. Mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru, serikali iliunda Mamlaka ya Ustawishaji wa Mazao ya Bustani ili kuisimamia biashara hii. Kazi zake baadaye, mwaka 2014, ziliingizwa katika Mamlaka ya Kilimo na Chakula. Katika miaka ya 1970 watalii waliongezeka, ndege zikaongezeka, na nafasi ya mizigo ikaongezeka nazo. Isitoshe, Waasia wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wamehamia Uingereza, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza kutoka Uganda mwaka 1972, nao walitaka mabamia, karela na pilipili walizozoea. Mwaka 1975 wafanya biashara waliokuwa wakipeleka mazao haya nje waliunda chama chao.

Katika miaka hiyo yote daftari la mkulima halikuulizwa. Mnunuzi alitazama kwa macho na kushika kwa mkono. Mboga ikiwa nyororo, safi, yenye rangi nzuri, ilitosha. Huko London ilipelekwa katika soko la jumla, ikachanganywa na za watu wengine, na aliyeila hakujua wala hakutaka kujua ilikotoka.

Je, ni nini kilichobadilika? Jibu halikuzaliwa Kenya. Lilizaliwa Ulaya, nalo lilizaliwa kwa hofu. Mwaka 1990 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Usalama wa Chakula. Sheria hiyo ilimpa mwenye duka anayeshtakiwa kwa kuuza chakula chenye madhara njia ya kujiokoa: athibitishe kwamba alichukua kila hadhari iliyompasa. Angalia neno hilo, "athibitishe". Kiapo hakitoshi mbele ya hakimu. Karatasi ndiyo inayosema. Tangu hapo maduka makubwa, ambayo kufikia wakati ule yalikuwa yamenyang'anya masoko ya jumla sehemu kubwa ya biashara ya mboga, yalianza kuwauliza wauzaji wao maswali ambayo hayakuwa yameulizwa kabla.

Kisha mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba huenda ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe una uhusiano na ugonjwa unaoua watu. Nchi za Ulaya zikapiga marufuku nyama ya ng'ombe ya Uingereza. Watu wakaogopa sahani zao wenyewe. Mwaka uliofuata, 1997, maduka makubwa ya Ulaya yaliungana na kuanza kutunga kanuni za kilimo bora zilizoitwa EurepGAP; mwaka 2007 zikapewa jina jipya la GlobalGAP. Hazikuwa sheria za serikali yoyote. Zilikuwa masharti ya mnunuzi: fanya hivi, nami nitanunua, usipofanya, kwaheri. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria yake kuu ya chakula, na kuanzia Januari 2005 kila mwenye biashara ya chakula huko alilazimika kuweza kusema bidhaa yake ameipata kwa nani na amemwuzia nani. Sheria hiyo haikumtaja mkulima wa Kirinyaga. Lakini mwagizaji aliyeko Ulaya alimgeukia mpelekaji aliyeko Nairobi, na mpelekaji akamgeukia mkulima, na mkulima hakuwa na mtu wa kumgeukia.

Wahenga walisema pia, "Mwamba ngoma huvutia kwake." Kanuni hizi zilitungwa kwanza kumlinda mwenye duka, kisha mteja wake. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuzilaumu, maana tukizitazama moja moja tutaona kwamba nyingi ni mambo ambayo mtu mwenye busara angeyataka kwake mwenyewe. Ziliagiza kwamba dawa ziwekwe katika stoo yenye kufuli, mbali na chakula na watoto. Ziliagiza kwamba anayenyunyiza avae mavazi ya kumkinga. Ziliagiza choo karibu na shamba, na maji na sabuni ya kunawia mikono. Ziliagiza maji na udongo vipimwe. Na juu ya yote, ziliagiza kila jambo liandikwe, na mkaguzi aje kila mwaka asome na kutoa hati.

Taabu haikuwa katika wema wa kanuni, bali katika gharama zake. Mwenye shamba la ekari mia mbili hujenga stoo moja, choo kimoja au viwili, na kumwajiri karani mmoja. Gharama hiyo ikigawanywa kwa tani zake haionekani. Mwenye robo ekari atajenga stoo ile ile na choo kile kile, na karani ni yeye mwenyewe, usiku, baada ya kazi ya jembe. Ndiyo maana wakulima wadogo wengi waliiacha biashara hii katika miaka ile ya kwanza, na wapelekaji wengine wakaona ni nafuu kulima katika mashamba makubwa yao wenyewe. Wengine waliokoka kwa kuungana katika vikundi, wakashirikiana stoo moja, hati moja na daftari moja.

Hapa niruhusu, msomaji, nikueleze jambo nililoliona kwa macho yangu na kulifanya kwa mkono wangu. Mwaka 2005 nilikuwa darasa la saba. Mama yangu alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima ishirini na wawili wa mishiri. Kampuni iliyowanunulia iliwaletea daftari kubwa lenye mistari na vichwa vya habari, ikawaambia wajaze kila siku. Daftari lilikaa juu ya kabati. Si kwamba wakulima wale walikuwa wakaidi. Walikuwa wamechoka, na wengine wao walijua kulima kuliko kuandika, na hakuna aliyewaeleza daftari lile lilikuwa na faida gani kwao.

Jioni moja ujumbe ulikuja kwamba mkaguzi atafika kesho. Wanakikundi wakajaa nyumbani kwetu. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, niliketishwa mezani mbele ya taa ya chemni, na wao wakanitajia kwa kukumbuka: shamba la fulani lilinyunyizwa lini, kwa dawa gani, kipimo gani. Pale kumbukumbu ilipokwisha, mtu alikadiria, na wengine wakaitika. Nikaandika kazi ya miezi mitatu kwa usiku mmoja, kwa kalamu moja, kwa wino mmoja. Nilijiona shujaa.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Alifungua kurasa polepole, kisha akaweka kidole katika tarehe moja ya mwezi wa Aprili.

"Mama," akauliza, "siku hii mlinyunyiza asubuhi au jioni?"

"Asubuhi," mama akajibu.

"Siku hii mimi nilikuwa huku kwenu," akasema. "Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na gari langu lilikwama matopeni hadi jioni. Ni nani anayenyunyiza dawa katika mvua?"

Mama hakujibu. Watu wote walitazama chini, nami nilitazama vidole vyangu vyenye wino. Kikundi hakikupata hati msimu ule, na mishiri yao ikauzwa kwa madalali kwa bei waliyotaka madalali. Lililoniuma zaidi nililielewa baadaye. Wakulima wale walikuwa wametumia dawa halali, na wengi wao waliingoja siku zilizotakiwa. Walikuwa na kweli mkononi, wakaipoteza. Kweli isiyoandikwa siku yake, ikija kuandikwa usiku mmoja, hufanana na uongo, wala hakuna awezaye kuzitenganisha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile nilijifunza kwamba hata njia ya mkweli mzembe si ndefu.

Baada ya miaka mingi nilikwenda chuo cha ualimu, nikafundishwa kutayarisha azimio la kazi na kujaza rekodi ya kazi kila baada ya somo. Nakiri kwamba yako majuma ambayo nimeijaza Ijumaa yote kwa mara moja. Kila nifanyapo hivyo, naiona ile taa ya chemni.

Kama kosa la kikundi kimoja lingekwisha katika kikundi kimoja, jambo hili lisingekuwa la historia. Lakini mchuma janga hula na wa kwao. Mwaka 2012 wapimaji wa Ulaya walikuta katika mishiri na njegere za Kenya mabaki ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoeti kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kiasi hicho kilikuwa miligramu 0.02 katika kilo moja. Huenda tarakimu hiyo haikuambii kitu, kwa hiyo tuihesabu pamoja: ni gramu 2 katika tani 100 za mishiri. Kijiko kidogo cha chai hubeba zaidi ya gramu 2 za sukari. Mkulima hawezi kukiona kiasi hicho, wala kukinusa, wala kukionja. Hawezi kujua kama amekipita ila kwa njia moja tu, nayo ni kujua kwa yakini alinyunyiza lini na amengoja siku ngapi.

Tena angalia jinsi mtego ulivyotegwa na tabia ya mmea wenyewe. Mishiri huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Wadudu wakivamia wakati wa kuchuma, na mkulima akanyunyiza dawa inayotaka kungojewa majuma mawili, basi akitii, mishiri itamkomalia shambani na hasara ni yake. Asipotii, atachuma leo alichonyunyiza juzi. Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa hushawishika. Wala ganda moja halitofautiani na jingine katika kreti. La mtiifu na la mwasi hulala pamoja katika chumba cha baridi, na hupanda ndege moja.

Adhabu ilikuja juu ya nchi nzima. Kuanzia Januari 2013, Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba katika kila shehena kumi za mishiri na njegere kutoka Kenya, moja izuiwe mpakani na kupimwa. Kupima kuna gharama, na kungoja kuna gharama kubwa zaidi, kwa sababu mboga mbichi haiwezi kungoja. Methali husema akiba haiozi, lakini mishiri huoza. Wanunuzi wengine wakapunguza mzigo, na mkulima ambaye hakuwahi kununua hata chupa moja ya dimethoeti akalipa pamoja na aliyeinunua. Serikali ya Kenya ilikataza dawa hiyo isitumiwe tena kwenye mboga. Na mwaka 2019 Ulaya ilikataa kuiidhinisha upya katika mashamba yake yenyewe.

Usidhani, msomaji, kwamba daftari liliishia katika habari za dawa. Swali la kwanza lilikuwa, "Je, mboga hii itamdhuru anayeila?" Baada yake likaja swali zito zaidi: "Je, mboga hii imemdhuru nani kabla ya kuliwa?" Hapo ndipo tunapofika katika kilimo endelevu, yaani kilimo ambacho hakili mtaji wake. Mtaji wa mkulima ni udongo, maji na watu. Akivuna leo kwa kumaliza maji ya kesho, hajapata faida. Amekopa kwa mtoto wake bila kumwambia.

Mfano tunao Naivasha. Ziwa lile liliandikishwa mwaka 1995 katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yanayostahili kulindwa, ilhali kandokando yake yapo mashamba ya maua na mboga yanayokunywa maji yake na ya chini ya ardhi. Kiangazi cha mwaka 2009 kilishusha maji ya ziwa kwa namna ya kutisha, na mapema mwaka 2010 samaki wengi walikutwa wamekufa. Watu wengi walielekeza kidole kwenye mashamba na dawa zake; uchunguzi ulitaja upungufu wa oksijeni majini. Mimi si mwamuzi wa jambo hilo. Nasema tu kwamba siku ya mashtaka kama ile, mwenye kibali cha maji, na mita inayosomwa, na kitabu cha yale aliyonyunyiza, ana la kusema. Na asiye navyo, hata akiwa hana hatia, ana kiapo tu.

Wakati mwingine shtaka lenyewe huwa na haraka kupita ushahidi. Mwaka 2007 duka la Tesco la Uingereza lilitangaza kwamba vyakula vilivyosafirishwa kwa ndege vitabandikwa alama ya ndege, ili mteja ajue vimechafua hewa. Ikaonekana kana kwamba dhambi ya mboga hupimwa kwa urefu wa safari yake. Lakini mwaka ule ule watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield walilinganisha waridi za Kenya na za Uholanzi, wakaona kwamba zile za Uholanzi, zilizokuzwa katika nyumba za vioo zilizopashwa moto, zilitoa hewa ya kaboni nyingi kuliko za Kenya pamoja na safari yake ya ndege. Jua letu halilipiwi. Unaona basi? Hesabu iliyoandikwa yote kutoka mbegu hadi meza ilimtetea mkulima wa Kenya mahali ambapo alama ya kubandikwa ilimhukumu. Hata hivyo tusijivune, kwani Aprili 2010 mlima wa moto wa Iceland ulipotoa majivu na ndege zikazuiwa kuruka Ulaya kwa siku kadhaa, mboga na maua yetu yalioza na kutupwa, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Somo la Karatina likarudi kwa sauti nyingine.

Siku hizi daftari limezidi kunenepa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa zitoe taarifa za mambo zinayoyatenda kwa mazingira na kwa wafanyakazi, pamoja na yale yanayotendeka kwa wale wanaoziuzia. Na mwaka 2024 ukapitisha nyingine ya kuzitaka zichunguze na kuzuia madhara hayo. Kampuni zikalalamika kwamba karatasi zimezidi, na mwaka 2025 utekelezaji wa sehemu ya sheria hizo ukaahirishwa. Tafakari jambo hilo kidogo. Kampuni kubwa ilipolemewa na karatasi ilisikilizwa. Mkulima wa robo ekari alipolemewa miaka ishirini kabla, aliambiwa aache kulima mishiri.

Kwa hiyo haki inadai kwamba daftari liandikwe pande zote mbili. Kama mkulima anaandika alichonyunyiza, mnunuzi naye aandike mzigo aliouagiza kisha akaukataa, na mishiri aliyoitupa kwa kuwa imepinda kidogo, na siku alizochelewesha malipo. Waingereza wenyewe waliuona upungufu huo, ndiyo maana mwaka 2013 walimweka msimamizi wa kuangalia jinsi maduka makubwa yanavyowatendea wale wanaoyauzia moja kwa moja. Mkulima wetu bado yuko mbali na mlango wa msimamizi huyo.

Sasa turudi nyumbani, maana swali kubwa liko hapa. Mwaka 2016 Kenya ilitoa kanuni zake yenyewe za mboga na matunda, zinazojulikana kwa namba KS 1758. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kulindwa afya yake. Lakini nenda sokoni asubuhi ya Jumamosi. Chukua fungu la sukuma wiki au nyanya. Mwulize mama anayeuza: hii ilinyunyizwa lini? Atakutazama kwa mshangao, na si kosa lake. Aliyemwuzia hakumwambia, na aliyemwuzia huyo hakuandika. Basi yako mashamba mawili katika nchi moja, pengine katika kijiji kimoja, pengine ya mtu mmoja: moja lina daftari kwa sababu mboga yake italiwa London, na jingine halina kwa sababu mboga yake italiwa na wewe.

Hilo, msomaji wangu, ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Tumebishana kwa muda mrefu kama daftari la wageni ni zuri au baya, tukasahau kuuliza kwa nini hatukulidai sisi. Methali husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni amekuja na kanuni zake, na kwa hofu yake mwenyewe amefundisha maelfu ya wakulima wetu kufunga dawa kwa kufuli, kunawa mikono, kungoja siku, kupima maji. Mwenyeji hatapona mpaka atakapoyafanya hayo hata siku ambayo mgeni hayupo.

Wewe usomaye leo utakuwa mtu fulani kesho. Labda utakuwa mkulima, na daftari litakaa juu ya kabati lako; lishushe. Labda utakuwa mkaguzi. Kumbuka kwamba nyuma ya ukurasa kuna mtu aliyechoka, umfundishe kabla ya kumhukumu. Labda utatunga sheria. Basi ipime kwanza kwa robo ekari, si kwa ekari mia mbili. Na kama hutakuwa lolote katika hayo, hapana shaka utakuwa mlaji. Mama yangu bado analima. Mishiri aliiacha zamani. Sasa anapanda nyanya na sukuma wiki za soko la mjini, ambalo halimwulizi kitu. Hata hivyo jikoni pake pana daftari la kurasa arobaini na nane, limetundikwa kwa uzi kwenye msumari, na kalamu imefungwa pembeni. Huandika humo jioni ya siku ile ile, kabla ya kula.